Stagg: kacheza, kafundisha, kasimamia

Jamani kama hamumjui Amos Alonzo Stagg, leo mtamjua. Jamaa kazaliwa 1862 kule New Jersey, Marekani, akaenda kusoma Yale, pale akawa mrushaji hatari wa beziboli na huku anacheza futiboli ya Kimarekani, 1889 akaingia kikosi cha kwanza kabisa cha All-America, yaani orodha ya wachezaji bora wa futiboli wa vyuo nchi nzima. Timu za beziboli za kulipwa zilimtaka, akazikataa.

Halafu kuna ile gemu ya Machi 1892 pale Springfield, Massachusetts, kwenye chuo alikokuwa anafundisha, mpira wa kikapu bado mchanga wa miezi tu, walimu na wanafunzi wanacheza mbele ya watu, walimu wakapigwa 5-1, na hicho kikapu kimoja cha walimu kafunga nani? Stagg!

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Chicago kikamchukua, na hapa ndo penyewe kwangu: hakuwa kocha wa futiboli tu, alipewa idara nzima ya michezo aisimamie, tena na cheo cha uprofesa. Wakati ule timu nyingi za vyuo zilikuwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe, kocha anakuja msimu anaondoka, so kumkalisha kocha meza moja na maprofesa ilikuwa kitu kipya kabisa na mi naona hilo ni kubwa kuliko ushindi wowote aliopata.

Akafundisha misimu 41. Alipofika 70 wakamstaafisha, akahamia College of the Pacific, California, na 1943, mzee ana miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka.