Mwanga uliojifanya muoni

Nilitaka kupima mwenyewe jinsi muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, zinavyopungua kadiri kifaa cha kuzihesabu kinavyoinamishwa. Chembe hizi huzaliwa kilomita 15 hivi juu yetu, miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa kutoka anga za mbali, inapogonga hewa, na kwenye usawa wa bahari kila sentimita ya mraba hupitiwa na moja hivi kila dakika. Zikija kwa mshazari wa nyuzi 60 kutoka wima, safari yao ndani ya hewa huwa ndefu karibu mara mbili. Zenye nishati ndogo huishiwa nguvu au huoza (hugeuka chembe nyingine) njiani, kwa hiyo idadi hushuka hadi robo hivi ya zile za wima.

Nilifunga vipande viwili vya plastiki ya sintileta, ambayo humweka chembe inapoipita, sentimita 10 kwa 10, kimoja juu ya kingine kwa nafasi ya sentimita 30, kila kimoja na kihisi chake cha mwanga. Pigo, yaani ishara ya mmweko, lilihesabiwa tu likitokea kwenye vyote viwili ndani ya nanosekunde 100 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde).

Wima nikapata karibu mapigo 6 kwa dakika. Kwenye nyuzi 60, zaidi ya 2. Hiyo si robo hata kidogo! Nikakilaza kifaa kabisa, upande ambao muoni ni adimu mno, bado pigo moja na ushei likaja kila dakika.

Siku nne nilihangaika na saketi bure. Usiku wa tano nikazima taa, na mapigo ya kipande cha juu yakaporomoka kutoka 5,000 kwa sekunde hadi 20 hivi, sawa na ya chini. Pale waya unapotokea, tepu nyeusi ya kuzuia mwanga wa nje ilikuwa imebanduka upana wa ukucha.

Kumbe hesabu ilikuwa wazi: 5,000 mara 20, mara nanosekunde 100, mara mbili (kwa kuwa kipande chochote kinaweza kutangulia), ni 0.02 kwa sekunde. Ndiyo yale mapigo ya bahati nasibu, yaliyogongana kwa wakati bila muoni kupita, moja na ushei kwa dakika.

Nikazungusha tepu mpya tabaka tatu, kisha nikamulika tochi kila mshono huku jicho liko kwenye hesabu. Haikutikisika. Nikapima saa 9 mfululizo kwa kila pembe, kwa kuwa kosa la kuhesabu ni kipeuo cha pili cha idadi, na saa moja haitoshi. Wima: 2,431. Nyuzi 60: 619, kosa 25. Robo ya 2,431 ni 608.