Idomeni ni kijiji cha watu, si kivuko cha madalali

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, dalali anawaambia vijana: "Ukifika Idomeni kazi imekwisha, fuata reli tu mpaka Ujerumani." Imenikera sana. Ndugu zangu, kabla hujauza kiwanja cha mzee, ijue kwanza Idomeni.

Iko mkoa wa Kilkis, kaskazini mwa Ugiriki, jirani na mto Axios. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 154. Hao hata Coaster sita hawajazi, na wengi ni wazee wakulima. Enzi za utawala wa Waosmani (Waturuki) kiliitwa Sehovo, na makao makuu ya wilaya yake yalikuwa Gevgelija. Vita vya Balkan vilipokwisha, mkataba wa Bucharest wa Agosti 1913 ukapitisha mpaka katikati: Gevgelija ikaingia Serbia (leo ni Makedonia Kaskazini), Sehovo ikabaki Ugiriki. Wanakijiji hawakuulizwa.

Reli anayoisifu dalali ni ya miaka ya 1870, Thessaloniki kwenda Skopje. Aprili 2015, upande wa pili wa mpaka karibu na Veles, treni iliua watu 14 usiku, Wasomali na Waafghani. Walitembea relini kwa sababu asiye na karatasi hakuruhusiwa kupanda usafiri wa umma. Ruhusa ya kupita kwa saa 72 ilikuja Juni, wao wameshazikwa.

Novemba mwaka huohuo walinzi wa mpaka wa Makedonia wakaanza kuchagua: Msiria, Mwiraki na Mwafghani wapite, Msomali arudi. Uzio wa seng'enge ukasimama. Machi 9, 2016 wakafunga kwa wote. Zaidi ya watu 12,000 wakakwama kwenye matope, ndani ya vihema vya kitalii, kando ya kijiji cha watu 154. Mazao yalikanyagwa, treni za mizigo zikazuiwa kwa wiki nyingi, na bado wapo wazee waliogawa chakula. Wema huo dalali hautaji. Mei 24 polisi wakaanza kuwahamisha kwa mabasi.

Lingine analolificha: alama za vidole ulizochukuliwa Ugiriki zinaingia Eurodac, hifadhidata ya Ulaya ya alama za vidole za waomba hifadhi. Ukiomba hifadhi Ujerumani, wanaziona, na sheria ya Ulaya ya kuamua nchi gani ishughulikie ombi lako (iliyojulikana kama Dublin) inawapa nafasi ya kukurudisha. Mwenye sababu ya kweli aombe hukohuko Ugiriki, atafute mwanasheria kabla ya mahojiano, na kadi ya mwombaji aihuishe kabla haijaisha muda.