Pimeni udongo kabla ya kugawa miche

Vikundi vingi vya wanafunzi vinavyohamasisha bustani za mjini huanza na mabango na miche. Anzeni na koleo na ndoo. Kiwanja kinachopatikana kirahisi mjini mara nyingi kina sababu ya kuachwa wazi: palikuwa gereji, palikuwa jalala, au kinapakana na barabara ya magari mengi. Petroli ya magari yenye madini ya risasi ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, lakini risasi haiozi. Iliyotua zamani bado imekaa kwenye udongo wa juu, na wanaoishi hapo kwa kawaida ni wale wasio na uwezo wa kuhama. Hoja yenu ya haki ya mazingira iko humo, kabla hamjaandika bango lolote.

Gawanyeni eneo sehemu tatu: kando ya barabara, chini ya kuta za nyumba kuukuu ambako rangi hubanduka, na katikati. Kila sehemu, chukueni udongo mahali 5 hadi 10, kina cha sentimita 15, mchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, muuanike, kisha mpeleke kama nusu kilo maabara. Ombeni kipimo cha risasi, kadimi (madini mengine yenye sumu) na pH, yaani kiwango cha tindikali. Msichanganye sehemu hizo tatu ili kubana gharama, maana wastani wa eneo zima unaweza kuonekana mzuri huku kona moja ni sumu tupu. Viwango hutofautiana nchi kwa nchi. Marekani, kwa mfano, ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi mwaka 2024, kutoka miligramu 400 za risasi kwa kilo hadi 200.

Watu wengi hudhani hatari kubwa ni mmea kufyonza risasi. Kinachodhuru zaidi ni udongo wenyewe: vumbi, matope yanayorukia majani mvua ikinyesha, mikono ya watoto. Ndiyo maana nyanya, biringanya na pilipili zina nafuu kuliko karoti au mboga za majani. Tandazeni nyasi kavu, ongezeni mboji, na pH ikae kati ya 6.5 na 7. Udongo wenye tindikali huiachia risasi kirahisi.

Majibu yakiwa mabaya, pandeni kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mahali palipopimwa. Changanyeni udongo debe tatu, samadi iliyooza debe mbili na mchanga debe moja. Chukueni kopo lililokatwa mfuniko na kitako, lisimamisheni katikati ya gunia, lijazeni kokoto, mzungushie udongo, kisha mlivute juu na kurudia hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji. Ikikatika katikati, miche ya juu itastawi na ya chini itanyauka, na watu watailaumu mbegu. Matundu ya ubavuni ya kupandia miche yapishane, sentimita 15 hivi kati ya moja na jingine. Yakipangwa mstari mmoja wima, gunia hupasuka. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jambo dogo linalosahaulika: lijazeni palepale litakapokaa, likishajaa halibebeki.

Wapangaji wasio na uhakika wa kubaki wapeni ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini. Zinahamishika. Msitumie ndoo zilizowahi kubeba rangi au kemikali.

Majibu ya maabara yapelekeni kwanza kwa wakazi wenyewe, kabla ya mtandaoni. Mpangaji anayesikia habari za uwanja wake kupitia picha iliyosambazwa ana haki ya kukasirika, na hatawafungulia mlango tena. Wakiridhia, choreni ramani yenye namba za sampuli, tarehe, kina na vipimo, muiambatishe kwenye barua kwa mamlaka ya mji, iliyotiwa saini na wakazi. Barua iombe jambo moja linalotekelezeka: kufunika udongo kwenye uwanja wa kuchezea watoto, au kupimwa kwa eneo lote kando ya barabara. Barua yenye madai kumi hujibiwa kwa lile jepesi kuliko yote.