Redio kumi na mbili na Luku ya Bagamoyo

Tulimaliza kushuti filamu saa tano na nusu usiku. Mimi nilikuwa msaidizi wa uzalishaji, deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, na redio za upepo zilikuwa mzigo wangu: 12, kila moja na kipande cha utepe mgongoni chenye namba, na daftari lenye jina la aliyeichukua asubuhi. Bila daftari, redio huondoka mfukoni mwa fundi taa ikafika Dar kabla yako.

Nikazipanga kwenye chaja mbili zenye matundu sita sita, ekstensheni moja, sebuleni mwa nyumba ya wageni. Taa nyekundu zote. Kwa saa nne hivi zingegeuka kijani. Nikalala.

Saa kumi alfajiri niliamshwa na joto. Feni imesimama, lakini kwa jirani taa zinawaka. Basi si mgao, ni Luku, umeme wa kulipia kabla, umekwisha. Viyoyozi viwili na friji la soda vilikuwa vimekula uniti zote, na hakuna aliyetazama mita kabla ya kulala, mimi wa kwanza.

Nilizijaribu moja moja. Tatu tu ndizo zilizokuwa na uhai, zile ambazo jana yake hazikusemewa sana. Moja nikampa msaidizi wa mwongozaji, moja nikabaki nayo kona ya barabara, ya tatu kwa fundi jenereta. Huyo hakwepeki: tulikuwa tunashuti ufukweni kwa mwanga wa jua, na fundi sauti alitaka jenereta lizimwe kila tunaporekodi, kisha liwashwe kuchaji betri za kamera. Nilichomeka chaja moja humohumo, lakini kwa washa-zima ya dakika kumi kumi, hadi adhuhuri nilipata redio mbili za kuaminika.

Kwingine tulitumia khanga. Vijana wanne, kila mmoja amwone mwenzake: khanga juu, zuia watu, ikishuka, ruhusu. Ubaya wa khanga ni kwamba redio inakuita hata ukiwa umegeuka, khanga haikuiti. Teki ya tatu, yaani tukirekodi kwa mara ya tatu, kijana mmoja akageuka kutazama mashua inayoshusha samaki. Bodaboda ikapita inanguruma katikati ya sentensi ya mwigizaji.

Nikamkimbilia dereva. "Samahani kaka, tulikuwa tunaomba dakika mbili tu."

"Barabara mmeinunua?"

Nikamwambia barua yetu ipo kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Huyo mwenyekiti ndiye niliyembebea samaki. Ananisubiri."

Nikampisha. Teki ya nne ilienda vizuri, ya tano ikaharibiwa na kunguru, na kwa kunguru hakuna khanga.

Usiku ule, kabla ya kugusa chaja, nilinunua umeme kwa simu nikasimama mbele ya mita na tochi. Tokeni ina tarakimu 20; ya kumi na saba niliikosea, nikaanza upya. Umeme uliporudi, friji likaanza kuunguruma. Nikalichomoa, nikaweka funguo za gari ndani yake, juu ya kreti la soda. Asubuhi nisingeweza kuondoka bila kulifungua, na nikilifungua ningekumbuka kulichomeka.