Mikono ya mzee kwenye kishikwambi

Nmetoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, sijalala bado, niandike kidogo kabla usingizi haujanibeba.

Jana kiwandani kwetu, tunapojaza maji ya chupa, tulikua na chenji, yaani kubadilisha laini kutoka maji madogo kwenda makubwa, nusu lita kwenda lita moja na nusu. Usidhani ni kubonyeza kitufe. Unatoa zile nyota zinazoshika chupa unaweka za chupa kubwa, unapanua reli za konveya, unapandisha vichwa vya kujazia, unahakiki tarehe kwenye printa, afu ndo unafika kwenye mashine ya vifuniko, na hapo ndo wengi tunalia.

Zamani maelekezo yalikua karatasi moja ya A4 yenye lamineshen, imening'inizwa na waya pembeni ya mashine, Kiingereza kitupu, picha zimefifia hadi hujui hii ni bolti au kidole cha mtu. Mwaka juzi tukahama kutoka shingo ya chupa aina ya 1810 kwenda aina ya 1881, zote milimita 28 ila hii mpya ni fupi, inaokoa plastiki. Karatasi ikabaki vilevile. Mimi mtiifu nikaset kama ilivyoandikwa, asubuhi stoo wanakuta mapaleti yanavuja chini chapachapa, barua ya onyo nikapewa mimi, karatasi haikupewa kitu.

Sasa hivi pale kuna kishikwambi, kama vile vya sensa ya 2022 ila hiki kina kava gumu la mpira. Unaskani QR ya oda kinakuletea hatua za chupa hiyo tu, wakirekebisha ofisini na huku inabadilika, Kiswahili, na vivideo vifupi. Kwenye vifuniko hakikuruhusu kuendelea mpaka ujaze vipimo vya chupa za mwanzo. Nliona wanatuchunga, na kweli wanatuchunga, kila hatua inabaki na saa na jina lako, ila siku zikivuja tena na mimi ntakua na cha kuonyesha.

Kero yake ni glavu zikilowa, kioo hakisikii kabisa, unabaki kujifuta kwenye ovaroli.

Sasa kwenye ile video ya vifuniko, mikono ni ya mzee wetu, fundi aliyestaafu mwaka jana akarudi zake Muheza. Enzi zake ukimuuliza kitu anakujibu "angalia tu utajua", na asipokuja kazini laini inalala. Sijui walimbembelezaje akakubali kurekodiwa. Kile kidole chake kilichokatika ncha kinaonekana kabisa, na sauti yake ileile, "usikaze kwa hasira kijana, ikilia tik, acha."

Saa tisa usiku nikapita nikamkuta dogo mpya, wiki ya pili tu kazini, yuko peke yake ameinama pale anairudia ile video, spana mkononi, afu nikamsikia anajibu kioo, "sawa mzee."