Matairi ya gari la juu: lami kavu ya Januari na maji ya masika

Mimi hupita barabara ya Tanga kwenda Korogwe mara mbili kila wiki kwa sababu za kazi, na kwa miaka michache iliyopita nimeipita nikiwa na aina tatu tofauti za matairi kwenye gari lile lile. Kila masika yanapokaribia, ndugu na jamaa wenye magari ya juu huniuliza wanunue tairi gani, na jibu langu limekuwa refu mno kulitoa kwa simu. Ndiyo sababu nimeamua kuliandika.

Gari lenyewe ni Toyota RAV4 iliyotumika Japani, na lilishushwa bandarini likiwa na matairi manne yaliyoonekana kama mapya. Kashata, yaani vipande vya mpira vinavyoigusa barabara, zilikuwa nene, mifereji ilikuwa na kina cha kumeza ncha ya kidole, na juu ya kila kashata palikuwa na mikato myembamba mingi iliyopindapinda kama mawimbi. Kila aliyeyaona alinipongeza, isipokuwa mzee mmoja wa Ngamiani, fundi wa matairi ambaye amekuwa akiniziba pancha tangu nilipokuwa na baiskeli. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akachuchumaa pembeni ya gurudumu la mbele na kuibonyeza kashata moja kwa kidole gumba. Ikainama. Akaibonyeza upande wa pili, ikainama tena, na mikato ile ikafunguka kama kurasa za daftari.

“Mwanangu, hili ni tairi la kwenye theluji,” aliniambia. “Huku kwetu litakutesa, hasa mvua zikianza.”

“Lakini mzee, kashata zote hizi?”

“Kashata si hoja. Hoja ni mpira wenyewe.”

Alinionyesha maandishi kwenye ubavu wa tairi, neno “STUDLESS”, ambalo Wajapani huliandika kwenye matairi yao ya majira ya baridi. Nilimshukuru, nikaondoka nayo hayo hayo, kwa kuwa sikuona sababu ya kutupa mali nzima. Miezi ya kiangazi ilipita bila tatizo nililoweza kulitambua, ila gari lilikuwa likiyumba kidogo kwenye kona na matairi yalikuwa yakilika upesi. Aprili ilipofika, nikiwa natoka Muheza kurudi Tanga, mvua kubwa ilinikuta kabla ya Pongwe. Mbele yangu lori lilipunguza mwendo ghafla, nami nikakanyaga breki. Kanyagio lilitetemeka chini ya mguu, kwa maana ya kwamba mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ulikuwa ukifanya kazi yake, lakini gari liliendelea kwenda kana kwamba halikuambiwa lolote. Lilisimama ubavuni mwa lori, nusu likiwa nje ya lami, kwenye tope la ukingo wa shamba la mkonge. Hakuna aliyeumia. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuthubutu kuliwasha tena.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo hili kwa bidii, na la kwanza kulielewa ni kwamba ukavu na maji huliomba tairi mambo yanayopingana. Kila tairi hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na lami ikiwa kavu, kadiri mpira mwingi unavyogusa na kadiri kashata zinavyosimama imara bila kuinama, ndivyo gari linavyosimama upesi. Magari ya Formula 1 hukimbia kwenye lami kavu kwa matairi yasiyo na mfereji hata mmoja, na mvua ikinyesha hulazimika kuingia kubadilishiwa. Penye maji, mifereji ile ile inayopunguza mpira unaogusa barabara ndiyo inayookoa maisha, kwa sababu maji lazima yapate pa kupita kabla mpira haujaigusa lami.

Kiasi cha maji hayo si kidogo. Tairi lenye upana wa milimita 225 likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hukutana na takribani lita 15 kila sekunde, yaani robo tatu ya ndoo ya lita 20, kwa gurudumu moja tu. Kila sehemu ya mpira huigusa barabara kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde, na ndani ya muda huo maji yanatakiwa yawe yamekwisha kusukumwa pembeni. Yasipowahi kutoka, tairi huelea juu yake, usukani huwa mwepesi mkononi, na breki hazina tena kitu cha kushika.

Tairi la majira ya joto, kwa maana wanayoitumia watu wa Ulaya na Japani, limeundwa kwa kazi hizo mbili kwa pamoja: mpira wake hubaki mgumu vya kutosha lami inapopata moto, na mifereji yake mipana mitatu au minne, inayozunguka tairi zima, hutoa maji upesi. Tairi la majira ya baridi lina mpira laini uliotengenezwa usigande joto likishuka chini ya nyuzi 7, na mikato yake midogo ni ya kung’ata theluji. Hapa Tanga hata alfajiri ya Julai joto huwa karibu nyuzi 20, na lami iliyochomwa na jua la Januari huweza kupita nyuzi 50. Katika hali hiyo kashata laini hulegea na kuinama breki zinaposhikwa, na hulegea kwenye lami kavu na kwenye lami yenye maji vilevile, ingawa watu wengi hudhani kwamba kina cha mifereji yake ni faida ya mvua. Kwa hesabu ya watengenezaji sisi tuko katika majira ya joto mwaka mzima, na tairi lenye neno lile “STUDLESS”, au lenye mchoro wa mlima wa vilele vitatu uliozunguka chembe ya theluji, lina kazi yake kwingine.

Baada ya tukio lile nilinunua matairi ya mtumba ya majira ya joto, yaliyotumika nusu, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari hii. Kwenye lami kavu yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatumia. Gari lilitulia kwenye kona, breki zilishika papo hapo, na niliyasifia kwa watu wengi. Sababu yake ni rahisi ukishaijua: kashata iliyolika imekuwa fupi, na kashata fupi haiinami, kwa hiyo tairi linavyozidi kulika ndivyo linavyozidi kushika penye ukavu, mpaka linapokaribia kipara. Uwezo wake kwenye maji wakati huo unashuka siku hadi siku bila dalili yoyote, kwa kuwa hakuna maji ya kuuonyesha. Tairi jipya la gari la juu huwa na mifereji ya takribani milimita 8, na sheria za Ulaya huruhusu litumike hadi milimita 1.6, yaani moja ya tano tu ya kina cha awali. Dereva wa Tanga ambaye matairi yake hulika kuanzia Desemba hadi Februari huingia masika akiwa na imani kubwa kabisa na tairi lililo dhaifu kabisa. Hilo linanisumbua kuliko bei ya matairi na kuliko ubaya wa barabara.

Kwa sababu hiyo sasa napima kwa rula ya mwanafunzi, katika mfereji wa katikati na ya pembeni, na milimita 3 ndiyo mwisho wangu. Napima kabla ya mvua, kwa maana matone ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ndiyo hatari zaidi: vumbi, mafuta yanayodondoka kutoka kwenye malori, na mabaki ya mpira huchanganyika na maji machache na kuifanya barabara iteleze kabla mvua haijapata nguvu ya kuiosha.

Upepo wa ndani ya tairi nao una neno lake. Katika miaka ya 1960 mtafiti Walter Horne wa shirika la NASA, aliyekuwa akichunguza matairi ya ndege, alionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea sana upepo uliomo ndani yake. Kwa kanuni iliyotokana na kazi hiyo, tairi lenye upepo wa 33 kwa kipimo cha psi, kile kinachotumiwa na mafundi wa matairi, huanza kuelea kwenye mwendo wa kilomita 96 hivi kwa saa, na likiachwa likashuka hadi 24, huanza kwenye 82 hivi. Tarakimu hizo ni za tairi lisiloweza tena kutoa maji kwa mifereji, lakini funzo linabaki palepale. Mafundi wengi hapa mjini hujaza 40 kwa kila gari, nami nimewasikia wakisema kwamba ni kwa sababu ya safari ndefu. Upepo uliozidi hulifanya tairi liguse barabara kwa katikati tu, na penye ukavu ukapoteza mshiko. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kinapimwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa upepo hupanda tairi likipata moto.

Seti ya tatu, niliyo nayo sasa, niliinunua ikiwa mpya, saizi 225/65R17, yenye maandishi “H/T” ubavuni, yaani imekusudiwa barabara kuu. Nilisita kati yake na “A/T”, tairi la kila njia, ambalo kashata zake ni kubwa na zimetengana ili zishike tope na kokoto. Bridgestone wana Dueler za aina zote mbili, na Yokohama vivyo hivyo kwa Geolandar, kwa hiyo jina la tairi pekee halitoshi na lazima usome herufi zinazofuata. Anayepanda Amani wakati wa mvua, ambako njia ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, atakuwa sahihi kuchukua la kila njia. Mimi, ambaye sehemu kubwa ya maisha ya tairi langu iko juu ya lami ya Muheza na Segera, ningekuwa nimelipa kwa ajili ya siku chache za tope na kupoteza mita kadhaa za breki kila siku ya mvua. Gari la juu lina uzito mkubwa na kimo kirefu, na likijazwa watu saba na magunia ya machungwa kutoka Muheza, mita hizo huongezeka zenyewe.

Tairi lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya huja na lebo yenye herufi ya mshiko kwenye maji. Lebo hiyo ilianza mwaka 2012 ikiwa na daraja A hadi F, na tangu Mei 2021 ni A hadi E. Katika ile ya mwanzo, tofauti kati ya A na F ilikadiriwa kufikia mita 18 kwa gari dogo lililokuwa likienda kilomita 80 kwa saa, urefu unaozidi ule wa lori la kawaida. Lebo haisemi lolote kuhusu breki kwenye lami kavu, na nadhani hakuna hasara kubwa, maana matairi mazuri ya majira ya joto hayaachani sana penye ukavu. Hutofautiana kwenye maji, na siri kubwa iko ndani ya mpira: tangu Michelin walipotoa tairi lenye silika nyingi (unga wa madini wa jamii ya mchanga) mwaka 1992, badala ya kutegemea masizi ya kaboni peke yake, imewezekana kupata mshiko wa mvua bila kuongeza ulaji wa mafuta.

Nilipokwenda kuyafunga nilimwomba mzee wangu asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu mpira hukauka hata ukikaa dukani. Tulibishana kidogo kuhusu jambo moja tu. Yeye amezoea kuweka matairi bora mbele, mahali penye usukani, hasa mtu anaponunua mawili. Nilimweleza kwamba watengenezaji wenyewe hushauri yawekwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari hugeuka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha, na kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linafaa liwe na matairi yaliyolika kwa kiwango kinachokaribiana. Alifikiri, akasema, “Basi nunua manne, ugomvi uishe.” Nikanunua manne.

Jumamosi iliyopita nilipima tena. Nyuma bado ni milimita 5, mbele ni 4, na kwenye lami kavu gari halijawahi kushika vizuri kama linavyoshika sasa. Nimeanza kuweka akiba ya seti nyingine, ili iwe imefungwa kabla ya Machi kwisha.