Baga zangu hazitoki mbichi katikati tena
Kwa miezi kadhaa baga nilizopika hapa nyumbani Umoja, Nairobi, zilikuwa zinaungua nje, na ndani nyama bado mbichi. Hilo liliniogopesha kwa sababu ya watoto. Nyama inaposagwa, bakteria waliokuwa juu huchanganyika hadi ndani, kwa hiyo katikati lazima pafike nyuzi 71 za Selsiasi. Rangi haitoshi: nyama huweza kugeuka kahawia kabla haijaiva.

Nikanunua kipimajoto cha jikoni. Nilikitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasoma 94. Nusura nikirudishe dukani! Kumbe Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika 100. Kwenye maji ya barafu kilisoma 0 barabara.

Sasa nazifinyanga ziwe na unene wa sentimita 2, nabonyeza kishimo katikati kwa kidole gumba zisivimbe, kisha moto wa wastani. Ncha ya kipimajoto naichomeka kutoka ubavuni. Jumamosi mama alimega yake, mchuzi ukamtiririka vidoleni, nyama imeiva yote. Akaomba ya pili.